Macho ya Kuazima: Habari za Nyumba na Kujitegemea katika Nchi ya Simiyu

Katika vijiji vya Usukuma ya mashariki, toka Maswa hadi Bariadi na toka Itilima hadi mbuga za Meatu, ilikuwa kawaida ya miaka mingi kumwona mzee asiyeona akitembea nyuma ya mtoto. Mtoto alishika ncha moja ya fimbo, na mzee akashika ncha ya pili. Mtoto akipinda, mzee alipinda. Mtoto akisimama kutazama ndege, mzee alisimama naye bila kujua sababu. Wapita njia walimwamkia mzee, na aghalabu walimsifu mtoto kwa adabu yake. Jambo ambalo hawakuliuliza ni saa ngapi za siku ya mtoto zilikwisha katika fimbo ile, wala ni mambo mangapi mzee aliyaacha bila kuyatenda kwa sababu mtoto amelala, au amechoka, au amekwenda kucheza.

Historia ya vyombo vinavyomwezesha mtu mwenye ulemavu kujitegemea nyumbani mwake huandikwa mara nyingi kama historia ya mitambo: nani aliibuni, mwaka gani, katika mji gani wa Ulaya au Marekani. Kwa nchi ya Simiyu hesabu hiyo haitoshi. Hapa kila chombo, kuanzia kamba ya katani hadi simu ya mkononi, chapasa kuulizwa swali jingine: kimemrudishia nani kitu gani? Maana fimbo ile ilishikwa na watu wawili, na wote wawili walikuwa wamefungwa nayo. Mzee aliazima macho, na aliyeazimwa hakuwa na ruhusa ya kukataa.

Mkoa wa Simiyu wenyewe ni mchanga. Ulitangazwa mwaka wa 2012, sehemu yake kubwa ikikatwa kutoka Mkoa wa Shinyanga, makao makuu yakawekwa Bariadi, na wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 2. Sensa hiyo hiyo ilionyesha kuwa katika Tanzania nzima watu 11 hivi katika kila 100 wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa namna fulani. Idadi hiyo si ndogo. Ni vigumu kuupata ukoo wa Kisukuma, pamoja na wingi wa watu wake, usio na mmoja wao.

Lugha nayo ilikuwa na neno lake katika jambo hili. Kiswahili cha zamani kilimwita asiyeona kipofu, asiyesikia kiziwi, asiyetembea kiwete, na wote pamoja vilema. Majina hayo yote yamevaa ki- na vi-, umbo la kiti, kisu na kikapu. Mwanasarufi atasema, na atasema kweli, kwamba upatanisho wa sentensi hufuata uhai, maana husemwa kipofu amefika wala si kipofu kimefika; tena atasema kwamba kijana na kiongozi wamo katika umbo hilo hilo na hakuna aliyelalamika. Lakini kijana hukua akaliacha jina lake, na kiongozi hulitafuta lake kwa kura. Kiwete hakulitafuta jina lake na hakuwa na namna ya kulivua. Chama cha watu wasioona kilichoundwa mwaka wa 1964 kilichagua kujiita kwa kitendo, wasioona, si kwa kitu. Na sheria ya mwaka 2010 ikasema watu wenye ulemavu. Waliocheka kwamba maneno mapya hayamfungulii mtu mlango hawakukosea kabisa. Walisahau tu kwamba fundi hujengea mlango yule anayemdhania kuwa atapita.

Nyumba ya zamani ya Msukuma, msonge wa mviringo wenye paa refu la nyasi, haikujengwa kwa ajili ya kipofu, ila ilimfaa kuliko nyingi zilizokuja baadaye. Ukuta usio na pembe ni kiongozi mwema: mkono ukiufuata bila kuuacha, lazima utarudi mlangoni. Mtungi ulikuwa na mahali pake, kigoda mahali pake, jiko mahali pake, na nyua za minyaa zilionyesha mwisho wa mji kwa harufu. Akili ya nyumba ilikaa katika mazoea ya watu wake. Bibi asiyeona aliweza kusaga, kupika na kulea katika mji kama huo, mradi pasiwe na mtu wa kuhamisha vitu bila kusema. Hakuna haja ya kuusifu msonge kupita kiasi: mlango wake ulikuwa mfupi, ndani giza na moshi, na moshi wenyewe haukuwa rafiki wa macho. Lakini ulikuwa nyumba iliyojulikana kwa mkono.

Mambo mawili yaliivuruga ramani hiyo ya mkono ndani ya muda mfupi. La kwanza ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na kwa vikundi vya masomo nchini kote, na iliyowafanya watu wengi wa mashamba wachimbe vyoo. Kazi hiyo iliokoa maisha, na hapana haja ya kubishana juu yake. Ila choo cha shimo kilijengwa mbali na nyumba, kama ilivyopasa, kikawa na tundu na magogo, na kwa mtu atambaaye kwa mikono ama yule asiyeona kikawa safari ya hatari, hasa usiku. Hapo ndipo kamba ilipopata kazi yake. Kamba ya katani ilifungwa kwenye nguzo ya mlango, ikavutwa mpaka kwenye nguzo ya choo, kwa kimo cha kiuno. Mkono uliipitia kwenda na kuipitia kurudi. Njia hii imejulikana katika vijiji vingi vya Afrika, na hakuna aliyeandika jina la aliyeibuni. Bei yake ni bei ya kamba. Hata hivyo ni vigumu kutaja mtambo uliorudisha heshima kubwa kuliko hiyo kwa gharama ndogo kuliko hiyo, kwa kuwa mtu mzima anayemwamsha mjukuu wake usiku wa manane apelekwe choo hupoteza kitu ambacho hakirudi asubuhi.

Jambo la pili ni kuhamishwa. Wasukuma waliishi kwa kutawanyika, kila mji katika mashamba yake, na katika mwaka wa 1974 Operesheni ya Vijiji ilipofika Mkoa wa Shinyanga watu walikusanywa katika vijiji vilivyopangwa kwa mistari. Mengi yameandikwa juu ya operesheni ile, juu ya mavuno, mifugo na nyumba zilizobomolewa. Asiyeona hakutajwa sana. Kwake yeye kuhama hakukuwa kubadili mahali tu. Kulikuwa ni kupoteza kwa siku moja elimu ya miaka 30 au 40: mti uliomwambia kuwa amefika kisimani, kichuguu kilichomwonya juu ya mteremko, mlio wa majani ya jirani. Katika kijiji kipya nyumba zilifanana na njia zilikatana kwa pembe. Kwa upande wa pili, kijiji kilimleta karibu na shule, zahanati na duka, na yule asiyetembea, ambaye zamani alikuwa mbali na kila kitu, sasa alikaa barazani akawaona watu wakipita. Hesabu ya mwaka 1974 basi haina jibu moja kwa watu wote.

Kisha shule ikamdai yule mtoto wa fimbo. Mnamo mwaka 1977 Tanzania ilianza kutekeleza elimu ya msingi kwa watoto wote, na mzazi aliyemzuia mtoto asiende shuleni aliweza kuitwa mbele ya wakubwa wa kijiji. Yamkini sheria hiyo, ambayo haikumtaja kipofu hata kwa neno moja, iliyagusa maisha yake kuliko zilizomtaja. Saa za asubuhi fimbo ilikosa mshikaji. Katika nyumba nyingine mzee alingoja mpaka mchana. Katika nyingine mtoto alikosa masomo siku za mnada, au siku za kwenda kliniki, akabaki nyuma ya wenzake, hatimaye akaacha. Ndipo ulipoonekana ukweli ambao zamani ulifichwa na sifa za adabu njema, kwamba kumsaidia mmoja kulikuwa kumekula wakati wa mwingine, na kwamba haki za watu wawili wasio na kosa zilikuwa zikigombania fimbo moja.

Itafaa kukumbuka ni kwa neno gani nchi ilikuwa ikijenga maisha yake katika miaka hiyo. Neno lenyewe ni kujitegemea. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililifanya kuwa nguzo ya siasa, likasema kwamba katika nchi ya kijamaa kila mwenye uwezo hufanya kazi. Likawataja pia wale wanaoruhusiwa kuwategemea wengine: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, vilema, na wale ambao dola kwa wakati fulani haikuweza kuwapatia kazi. Ruhusa hiyo ilitolewa kwa huruma ya kweli. Ilimkinga mnyonge asiitwe mnyonyaji katika siku ambazo neno hilo lilikuwa zito. Lakini kilichokuwa kinga kilikuwa pia hukumu, maana taifa lilipoitwa kujitegemea, watu hawa waliorodheshwa upande wa wategemezi, pamoja na watoto. Fundi cherehani asiye na miguu, aliyewalisha wenye miguu nyumbani mwake, hakuwa na mstari wake katika orodha hiyo. Ilipotungwa sheria ya ajira ya mwaka 1982, iliyowataka waajiri wakubwa wawapatie walemavu nafasi 2 katika kila 100, dola ilikuwa imekwisha kuanza kuisahihisha fikira yake.

Karibu na miaka hiyo hiyo, mbali sana na Bariadi, neno kujitegemea lilikuwa likipewa maana nyingine na watu waliokuwa wamelazwa. Katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, walitibiwa watu waliovunjika uti wa mgongo, wengine wasioweza kutikisa kitu chini ya shingo. Mgeni mmoja, Reg Maling, aliona kwamba chombo pekee cha mgonjwa wa namna hiyo kilikuwa kengele ama filimbi ya kumwita muuguzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 yeye na wenzake walitengeneza mtambo ulioendeshwa kwa pumzi: mgonjwa alipuliza au kuvuta hewa katika mrija mwembamba, na kwa idadi ya pumzi zake akawasha taa, akafungua redio, akaita kwa simu. Mtambo ulipewa jina la Possum, neno ambalo kwa Kilatini maana yake ni "naweza". Nyumba zote zinazoitwa janja leo, zile zinazosikia amri na kutii, zina nasaba na mrija ule.

Na huko Berkeley, California, kijana Ed Roberts, aliyepoozeshwa na polio mwaka wa 1953 akiwa na miaka 14, aliingia Chuo Kikuu mwaka wa 1962. Usiku alilala ndani ya mashine ya chuma iliyomvutia pumzi. Yeye na wenzake walianzisha mwaka wa 1972 kituo cha maisha ya kujitegemea, na fikira waliyoieneza ilikuwa ngeni wakati ule: kujitegemea si kutenda kila kitu kwa mkono wako mwenyewe, bali ni kuwa wewe ndiye mwamuzi wa jambo gani litendwe, lini, na na nani. Kwa maana hiyo mtu anayevishwa nguo na mwingine aweza kuwa huru, na mtu mwenye viungo vyote aweza kuwa mtumwa. Fikira hiyo yamhusu mzee wa fimbo moja kwa moja. Kosa la fimbo halikuwa kwamba alisaidiwa. Kosa lilikuwa kwamba hakuamua, wala mtoto hakuamua.

Nyumbani, kazi ya kuwafundisha wasioona ilianza katika shule za misheni. Shule ya Buigiri, karibu na Dodoma, ilifunguliwa mwaka wa 1950. Katika Kanda ya Ziwa ikawapo Mitindo huko Misungwi. Na kwa viziwi ikafunguliwa shule ya Tabora mwaka wa 1963. Huko mtoto alijifunza maandishi ya nukta nundu, fimbo nyeupe, hesabu na kazi za mikono. Alisoma kwa vidole kile ambacho wenziwe walikisoma kwa macho, na hakumwazima mtu. Taabu ilikuwa likizo. Alirudi nyumbani ambako hapakuwa na kitabu cha nukta hata kimoja, na ambako mama yake kwa mapenzi alimkataza kuchota maji. Kwa asiyetembea, chuo cha mafundi wa viungo bandia cha Moshi, kilichoanza mwaka wa 1981 katika hospitali ya KCMC, kiliwatoa mafundi wa miguu ya bandia, na baadaye wa viti vya magurudumu pia. Hata hivyo gurudumu lililotengenezwa kwa sakafu ya hospitali halikujua udongo mweusi wa mbuga za Simiyu, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu na masika hunata kama lami. Baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayozungushwa kwa mikono, ilivumilia zaidi, lakini haikuingia mlangoni. Ililala nje, na mwenyewe akatambaa ndani.

Inafaa hapa kusimama kidogo kwenye jambo la pamba, ijapokuwa laonekana liko mbali. Simiyu ni nchi ya pamba, na wakulima wa nchi hii walikuwa na ugomvi wa kale na mizani. Mkulima alileta robota lake, mnunuzi akapima, akasoma, akataja uzito. Na mkulima asiyejua kusoma mizani alipokea alichoambiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa waliweka wapimaji wao wenyewe penye vituo vya kununulia, wakagundua jinsi walivyokuwa wakipunjwa, na katika vuguvugu hilo ukakua ushirika ambao mwaka wa 1955 uliungana chini ya shirikisho la Victoria, Paul Bomani akiwa kiongozi wake. Watu waliokuwa na macho mazima walikuwa wameazima macho kwa miaka, tena kwa yule yule aliyefaidika na kosa. Haingii akilini kwamba watoto na wajukuu wa watu hao washindwe kufahamu taabu ya kipofu mbele ya fedha yake mwenyewe.

Taabu hiyo ilipata umbo jipya simu zilipokuja. Simu za kwanza za mkononi zilikuwa na vitufe, na juu ya kitufe cha 5 palikuwa na kinundu kidogo kama punje ya mtama. Kwa kinundu hicho kidole cha asiyeona kilijua mahali pa tarakimu zote. Aliweza kupiga, kupokea, na kumtambua mwenzake kwa sauti. Mtoto hakutumwa tena vijiji vitatu kupeleka habari ya msiba. Basi chombo cha kwanza cha umeme kilichompa mtu asiyeona wa Simiyu uhuru wa kweli hakikuandikwa kwa jina lake, na wengi wa walionunua hawakujua kinundu kile ni cha nini.

Mwaka wa 2008 ikaja M-Pesa nchini Tanzania, na fedha ikaingia simuni. Hapo mlango mmoja ulifunguka na mwingine ukafungwa. Fedha ya noti kipofu aliijua kwa kuipapasa na kwa kumwuliza amwaminiye. Fedha ya simu ilikuja kama maandishi juu ya kioo, na ilitaka namba ya siri. Simu ndogo haikusema. Kwa hiyo mwenye fedha alimpa mjukuu simu, akamtajia namba ya siri, mjukuu akasoma salio kwa sauti mbele ya wakala na mbele ya foleni nzima. Siri ya watu wawili ikawa ya wote. Palipokuwa na uaminifu, fedha ilifika salama. Palipokosekana, mwenyewe hakuwa na njia ya kujua kilichopungua, kama vile mkulima wa zamani mbele ya mizani. Kwa asiyesikia mambo yalikuwa kinyume chake: ujumbe wa maandishi ulimpa sauti ambayo hakuwa nayo, mradi awe amesoma, na wengi hawakusoma. Na mwenye miguu iliyopooza, ambaye zamani alitegemea kubebwa mpaka mjini kwa ajili ya fedha ya pamba, alipokea fedha akiwa amekaa kwenye mkeka wake. Mmoja alirudishiwa safari, mwingine alinyang'anywa siri, kwa chombo kimoja.

Simu janja zilipoanza kusoma kwa sauti yaliyo juu ya kioo, tangu mwaka wa 2009, kidole kilipoteza kinundu cha 5 lakini sikio likapata msomaji. Msomaji huyo mwanzoni alisema Kiingereza. Mwezi wa Agosti 2017 kampuni ya Google iliongeza Kiswahili katika lugha ambazo simu iliweza kuzisikia na kuziandika, na mwaka wa 2021 mradi wa Mozilla wa kukusanya sauti za watu, kwa jina la Common Voice, uliwaalika Waswahili wasome sentensi ili mashine zijifunze matamshi yao. Kwa mwenye simu ya namna hiyo, na mwenye kujua kuitumia, namba ya siri ilirudi kuwa ya siri. Hilo si jambo dogo. Ni mara ya kwanza katika habari hizi zote ambapo mtu asiyeona aliweza kujua mali yake yote bila kumwambia mtu yeyote.

Lipo jambo lingine la nyumba ambalo katika nchi hii haliwezi kupitwa kimya. Toka karibu mwaka wa 2006 watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa, na Shinyanga ya wakati ule ilikuwa ndani yake, walianza kuwindwa kwa ajili ya ushirikina. Wauaji walikuja usiku, na walikuja nyumbani. Watoto waliondolewa vijijini wakapelekwa kukaa Buhangija na Mitindo, shule zilizokuwa zimeanzishwa kwa wasioona, wakalala huko wengi kitanda kimoja, mbali na mama zao. Mwaka wa 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa Mbunge. Msomaji wa mbali akisikia habari za kufuli linalojifunga lenyewe, taa inayowaka kwa kuhisi hatua ya mtu uani, ama kifaa cha kupiga simu kwa mguso mmoja, atadhani ni anasa ya matajiri. Kwa mama mmoja wa Kanda ya Ziwa katika miaka ile, mlango wa matete ndio uliokuwa kati ya mwanawe na panga.

Sheria zilifuata kwa haraka kuliko mafundi. Tanzania ilitia sahihi mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka wa 2007, ikauridhia mwaka wa 2009, na mwaka wa 2010 Bunge likapitisha sheria iliyodai majengo ya umma yafikike na kila mwajiri wa watu 20 na zaidi aajiri 3 katika kila 100 wenye ulemavu. Nyumba ya mtu binafsi sheria haikuiingia sana, na kwa kweli hakuna sheria iwezayo kupanga kigoda cha bibi.

Sasa ndiyo nyumba janja yenyewe. Asili yake katika biashara ni mradi wa X10 wa kampuni ya Pico Electronics ya Glenrothes, Uskoti, ulioanza mwaka wa 1975, na uliopitisha amri za kuwasha na kuzima katika nyaya zile zile za umeme wa nyumba. Mwaka wa 2014 kampuni ya Amazon ilianza kuuza kipaza sauti kinachokaa mezani na kungoja kuitwa jina. Mwenye nyumba husema neno, taa ikawaka, pazia likafunguka, mlango ukajifunga. Kwa aliyepooza mikono hii ni Possum iliyoacha mrija. Haijafika Simiyu ila kwa vipande: taa ya jua inayowaka yenyewe jua likizama, kengele ya mlango, simu inayosema. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka wa 2007, na nguzo zake zimesogea kijiji hadi kijiji, lakini nguzo kufika kijijini ni jambo moja na waya kuingia chumbani ni jingine.

Na umeme ukiisha kuingia, mtazame mtu wa baiskeli ya magurudumu matatu mbele ya mita. Mfumo wa kulipa kabla, uitwao LUKU, ulianza nchini katika miaka ya 1990, na kwa wengi ulikuwa nafuu. Mnunuzi hupewa namba yenye tarakimu 20, naye huziingiza kwa kubonyeza katika kifaa chenye kioo kidogo. Mita nyingi zilipigiliwa ukutani kwa kimo cha mtu aliyesimama ili watoto wasizichezee. Aliyekaa hafiki. Asiyeona hafiki pia, ijapokuwa mkono wake wafika. Basi nyumba yaweza kuwa na kipaza sauti kinachotii kila amri, na uhai wa vyote ukaning'inia juu ya tarakimu 20 ambazo mwenye nyumba hawezi kuziingiza. Humwita mtu. Anayekuja aghalabu ni mtoto, akiwa bado na sare za shule.

Kifaa cha kuingizia tarakimu kilichotenganishwa na mita, kiwezacho kukaa ndani mezani, kimekwisha kuwapo; katika nyumba nyingine kimefungwa, na katika nyingine bado. Kazi yake kwa fundi ni misumari michache na futi kadhaa za kushuka. Hapo panabaki lugha. Kijana wa Bariadi mjini atasema na mashine kwa Kiswahili nayo itamwelewa, pengine mara ya kwanza, pengine ya tatu. Bibi wa Itilima, aliyezaliwa kabla ya shule kufika kwao, husema Kisukuma, lugha yenye wasemaji wengi kuliko lugha yoyote ya kikabila nchini. Yeye huiambia simu jambo lake kwa ufasaha wote, simu ikanyamaza. Akalirudia polepole, simu ikaandika upuuzi. Ndipo akageuka kuuliza nani yuko uani.